Cherehani Iliyosubiri Nyasi

Asubuhi katika mtaa ule ilikuja polepole, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Mwanga uligusa kwanza majani ya juu ya miti. Kisha ulishuka kwenye ua wa michongoma, ukavuka bustani, ukaingia dirishani. Fundi cherehani alikuwa akiamka na kubaki kitandani kidogo, akisikiliza. Hapakuwa na cha kusikiliza, na hicho ndicho alichokipenda.

Kabla ya hapo, yeye, mumewe na binti yao walikuwa wamepanga chumba kimoja nyuma ya stendi ya mabasi. Honi zililia mpaka usiku wa manane. Binti yao hakuwa akilala. Alikaa macho gizani, akihesabu honi. Baba yake, mwokaji mikate, akambandika jina: Popo.

Walipohamia nyumba hii ndogo yenye miti, Popo alilala usiku wa kwanza mpaka jua likapanda. Akalala wa pili. Akalala wa tatu. Mama yake alimsogelea mara mbili kuhakikisha kwamba anapumua. Jina la Popo lilibaki, ingawa mwenyewe alikuwa amekwisha kuiacha kazi ya upopo.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikaa chumba cha nyuma, limefunikwa shuka. Lilikuwa cherehani.

Siku walipoletwa kuiona nyumba, dalali aliyeshika funguo aliwaambia kwamba mtaa huu ni wa watu watulivu. Kelele hawazitaki, alisema, na biashara za nyumbani haziruhusiwi. Mwokaji alitia saini mkataba wa upangaji juu ya boneti ya gari, kwa haraka, maana tanuri lilikuwa likimngoja. Mkataba ukatiwa ndani ya sanduku, chini ya nguo. Hakuna aliyeusoma. Fundi alijifunza kusoma ukubwani, na karatasi ndefu zilimtia hofu. Mumewe alijua kusoma vizuri, ila hakuwa na subira.

Lakini fundi alikuwa ameshona tangu ana miaka kumi na saba. Angeishije bila kushona? Wiki ya kwanza alikata vitambaa, akavipanga, akavibana kwa pini. Hakuthubutu kukanyaga cherehani. Alikaa mbele yake mikono mapajani.

Kisha, Alhamisi moja, mashine ya kukatia nyasi iliunguruma upande wa pili wa ua. Jirani yao, mzee mmoja anayeishi peke yake, alikuwa akikata nyasi zake. Fundi aliruka kama aliyeitwa. Alivuta shuka, akakanyaga, akashona mbiombio. Mashine ya mzee iliponyamaza, na yeye aliacha papo hapo, hata kama sindano ilikuwa katikati ya mshono.

Ndivyo ulivyoanza utaratibu wao wa ajabu. Asubuhi fundi alikata na kupiga pasi. Kisha alikaa dirishani akiota ndoto za mchana, akitazama vivuli vya majani vikicheza ukutani, huku sikio likiwa kwa jirani. Nyasi zikikatwa, alishona. Zisipokatwa, hakushona.

Jioni mwokaji aliuliza, "Leo umeshona?"

"Mzee hajakata."

"Basi tuombe mvua, nyasi ziote."

Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na woga ndani yake. Bahati yao ni kwamba mzee alionekana kuipenda sana bustani yake. Mwanzoni alikata mara moja kwa wiki. Baadaye ikawa mara mbili, kisha mara tatu. Fundi alishangaa, lakini hakuuliza. Miezi mitano ikapita hivyo.

Jumanne moja, ujumbe uliingia katika simu. Mwenye nyumba angekuja Jumamosi kuikagua nyumba yake.

Usiku ule fundi hakulala, na ukimya aliokuwa akiupenda ukawa mzito. Alijua mambo mawili. Cherehani ikionekana, huenda wakaondolewa, wakarudi stendi, na Popo akarudia upopo wake. Cherehani ikiondolewa, yeye atabaki na mikono mitupu. Alimwambia mumewe kwamba Ijumaa ataipeleka kwa dada yake, mbali, ikakae huko. Hakusema mpaka lini. Alisikia uchungu, kwa sababu alijua kwamba ni moja kwa moja.

Jumatano alingoja mashine ya nyasi ili amalizie gauni la mwisho. Haikulia. Badala yake mlango wa nyuma ulibishwa hodi. Alikuwa mzee jirani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

"Nyasi zimekwisha."

Fundi hakuelewa. Mzee alimwongoza mpaka kwenye ua, akamwonyesha upande wake. Palikuwa na udongo mtupu, mwekundu, na vishina vya nyasi vichache hapa na pale, kama kidevu kilichonyolewa kwa hasira.

Mzee alieleza taratibu. Wiki ya pili tu tangu wahamie, alizima mashine ili aongeze petroli. Akasikia cherehani ikikoma. Akawasha, nayo ikaanza. Akazima, ikakoma. Alifanya hivyo mara tatu mpaka akawa na hakika.

"Nikajua kuna mtu amejificha nyuma ya kelele zangu," alisema. "Tangu siku hiyo ninakata hata nyasi ambazo hazipo."

Fundi aliona aibu, akafunika uso kwa kanga. Halafu alicheka. Halafu machozi yakamtoka, na hakuweza kuyazuia.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Aliyejificha hapendi kufichuliwa. Nilingoja uje mwenyewe. Lakini sasa hata ardhi inaninung'unikia."

Fundi alimsimulia yote: dalali, Jumamosi, cherehani kupelekwa kwa dada. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, na masikio yake yalizoea shida za watu.

"Mkataba wenu unasemaje?" aliuliza.

"Unakataza biashara."

"Umeusoma?"

Fundi alitazama chini. "Dalali ndiye alisema."

"Dalali si mkataba. Ulete."

Karatasi ilitoka chini ya nguo, ikinukia sabuni. Fundi alimpa mzee, lakini mzee hakuipokea. "Soma wewe," alisema. "Mimi nitasikiliza. Wewe ndiye unayeishi humu, na karatasi hii inakuhusu wewe."

Fundi alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyofuata mstari wa chaki juu ya kitambaa. Mwanzo aligugumiza. Kidogo kidogo sauti ikatulia. Alisoma kuhusu kodi, kuhusu maji, kuhusu matengenezo. Alisoma kwamba mwenye nyumba lazima atoe taarifa siku tatu kabla ya kuja kukagua.

"Ametoa?" mzee aliuliza.

Fundi alihesabu kwa vidole. "Ametoa nne."

"Basi anaheshimu mkataba. Mtu wa namna hiyo anazungumzika. Endelea."

Kifungu cha tisa ndicho kilichomsimamisha. "Mpangaji hataendesha biashara ndani ya nyumba hii bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba."

"Rudia maneno ya mwisho."

"Bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba."

"Haya. Mlango huo umefungwa kwa kufuli, au umeegeshwa?"

Fundi alifikiri. Upepo ulipita katika miti, na majani yakanong'ona juu yao. "Umeegeshwa," alisema.

"Basi piga hodi."

Furaha ilimpanda fundi, kisha ikashuka. Alikumbuka miezi mitano. Alikuwa ameshona bila idhini, na hilo halifutiki. Mzee hakumdanganya. Alisema ni kosa, na kwamba dawa yake ni kulisema mwenyewe kabla halijaonekana. Mwenye nyumba anaweza kukataa, na ana haki ya kukataa. Lakini kuombwa ni kitu kimoja, na kufichwa ni kitu kingine.

"Andika barua," alisema. "Sema unashona nini, saa ngapi, wateja wangapi wanakuja kwa siku. Sema utafanya nini ili majirani wasisumbuke. Andika nakala mbili. Akikubali, atie saini zote mbili, abaki na moja na wewe moja. Neno la mdomo husahaulika hata na watu wema."

Jioni ile mwokaji aliusoma mkataba mzima, mara mbili. "Unga nauchekecha mara mbili kila siku," alimwambia mkewe, "na mkataba sikuuchekecha hata mara moja. Nisamehe." Kisha alikwenda kutafuta kipande cha mpira mnene, akakikata, akakiweka chini ya miguu ya cherehani. Fundi aliandika barua kwa mkono wake. Alifuta mara nyingi. Popo alimsaidia herufi mbili.

Jumamosi mwenye nyumba alifika. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache na viatu visivyo na sauti. Alifungua mabomba, akatazama dari, akajaribu madirisha. Alipokaribia chumba cha nyuma, fundi alimtangulia.

"Dada, kabla hujaingia, naomba usome hii."

Mwenye nyumba alisoma akiwa amesimama. Ndani ya chumba, cherehani ilikuwa wazi, bila shuka. Mwokaji alikuwa akitazama mikono yake.

"Miezi mitano?" mwenye nyumba aliuliza.

"Miezi mitano. Nilikosea. Nilipaswa kukuomba kwanza."

"Mbona hakuna jirani aliyenilalamikia?"

Fundi alimweleza habari ya nyasi, yote, bila kuficha. Mwenye nyumba alikwenda dirishani, akatazama ule uwanja mwekundu ng'ambo ya ua. Alitazama muda mrefu, na mabega yake yakatikisika kidogo.

"Kaa ushone," alisema. "Mimi natoka nje."

Fundi aliketi, akaweka miguu juu ya kanyagio. Ilikuwa mara ya kwanza kushona katika nyumba ile bila kelele nyingine ya kumfunika. Sauti ya cherehani ilitoka peke yake, laini, kama mvua ndogo juu ya majani ya mgomba. Mshono mmoja, wa pili, wa tatu. Mwenye nyumba alisimama getini, kisha kwenye ua, kisha chini ya miti. Aliporudi, Popo alikuwa amelala juu ya furushi la vitambaa, karibu na miguu ya mama yake.

"Getini nasikia majani tu," alisema mwenye nyumba. "Kwenye ua nasikia kidogo." Alimwinamia mtoto. "Na huyu anaumwa?"

"Haumwi, dada. Humu analala, basi."

Mwenye nyumba alichukua kalamu. Aliandika chini ya barua kwamba anatoa idhini: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumapili mapumziko, na wateja wasizidi wawili kwa wakati mmoja. Jirani akilalamika, watakaa wazungumze. Alitia saini nakala zote mbili, na fundi akatia yake pembeni.

"Siku nyingine niulize," alisema akivaa mkoba. "Mimi si simba."

Tangu hapo dirisha la chumba cha nyuma lilikaa wazi. Fundi alishona asubuhi, akapumzika mchana, akafunga kazi saa kumi na moja. Idhini ilitiwa bahasha pamoja na mkataba, mahali ambapo mkono unafika. Shoga zake wa stendi walipokuja na karatasi zao za upangaji, aliwaketisha, akawaambia wasome kwa sauti, naye akasikiliza.

Mvua zilikuja. Nyasi za mzee ziliota, zikafika kwenye vifundo vya miguu, zikapita. Majirani walianza kuulizana kama mzee ni mzima. Mwenyewe alikaa kibarazani na kikombe chake cha chai, akisema nyasi zake ziko likizo.

Miezi miwili ilipita. Asubuhi moja, mashine ya kukatia nyasi iliunguruma. Mguu wa fundi uliruka juu ya kanyagio wenyewe, kwa mazoea. Kisha akaucheka mguu wake, akauondoa. Aliinuka, akaenda dirishani, akaegemea kizingiti.

Mzee alikuwa akitembea taratibu nyuma ya mashine yake, kofia kichwani, na nyasi mbichi zikiruka huku na huku katika mwanga uliochujwa na miti. Fundi alimtazama mpaka akamaliza. Alikuwa hajawahi kumwona akikata nyasi. Miezi ile yote, kila mashine ilipolia, yeye alikuwa ameinama juu ya cherehani.