Lesieli Kahamia Bandani

"Lesieli hachumi tena mstari wenu," akasema Darren, bosi wetu. "Kuanzia leo yuko bandani, anapanga machenza kwenye maboksi."

"Nani kamhamisha?"

"Kaomba mwenyewe. Na kaniomba nisiseme sababu."

Bandani kuna kivuli, kuna redio, na kuna ofisi ya Darren. Juani tukabaki mimi Folau, ngazi yangu ya kuchumia, na Kelepi, mgeni aliyetoka kwetu Tonga juzi. Tangu afike nilikuwa namchekesha kwa habari za mpenzi wangu Lesieli: anavyonuna, anavyobusu. Hakucheka hata kidogo. Lesieli mwenyewe alikuwa ananikata jicho pale mstarini, nikadhani anadeka.

Nikamtumia ujumbe: "Kivuli cha bosi kitamu, eh?"

Akajibu: "Usinitafute."

Jioni nikamkuta mlangoni mwa banda, anacheka na Darren. Aliponiona, kicheko kikafa.

"Bosi kakupa nini, Lesieli?"

"Kanipa nafasi mbali na mdomo wako."

"Mdomo huu huu ulioupenda?"

"Kelepi ni kaka yangu, mtoto wa mama mdogo."

Kwetu kaka na dada hawatazami hata filamu chumba kimoja, na mimi nimempigia kaka mtu hadithi za busu, huku dada yake anasikia toka ngazi ya jirani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuja kukwambia. Ukanitumia ule ujumbe wa kivuli." Macho yakamjaa maji. "Amefunga begi, Folau. Anaacha kazi kwa aibu. Akirudi nyumbani, ukoo utajua, na mimi na wewe tumekwisha."

Kwetu, kuomba radhi bila kava, kinywaji chetu cha mizizi, ni kupiga kelele tu. Nikaitwanga, nikaichuja, nikamwita Kelepi akae mkekani. Kumbe nimesahau jambo: kava hugawiwa na binti, na binti pekee kambini ni dada yake, haruhusiwi kukaribia.

"Darren," nikaita, "njoo utugawie."

Bosi niliyemshuku akakunja miguu kwa shida, akachota, nusu ikamwagikia suruali. Kelepi akapokea kifuu, akanywa, akakigeuzageuza mkononi mpaka nikaanza kulihesabu begi lake kuwa limeshapanda ndege.

"Shemeji," akasema hatimaye.

"Naam."

"Huyu mzungu anamwaga kava, lakini hamwagi maneno. Jifunze kwake."

Simu ikalia mfukoni. Lesieli: "Kasemaje?"

Nikaandika: "Kaniita shemeji."

"Basi kesho njoo bandani. Mdomo uache kambini."