Mama Hana Homa

Kila alfajiri, baada ya swala, Bi Mwanarusi alichemsha chai huku akimhoji bintiye, Aliya, kana kwamba ni mgonjwa.

"Umeanza kuumwa lini? Unapata usingizi?"

Aliya, aliyekuwa darasa la sita, alijifanya anaumwa goti au tumbo, nao wakacheka. Bi Mwanarusi alifundisha katika chuo cha wauguzi mjini Voi, na hivyo ndivyo alivyojiandaa kwa masomo yake.

Muhula wa pili wa mwaka 1996, maswali yalikoma. Mama alivaa buibui lake akaketi kitandani, asitoke mpaka Baba amwite mara tatu. Chakula alikionja tu. Karatasi za mtihani zilikaa mezani majuma matatu bila kusahihishwa. Aliya alimgusa paji la uso. Halikuwa na joto.

"Mama, ni malaria?"

"Sina homa, mwanangu. Nimechoka tu. Na mambo ya nyumbani usiyatoe nje."

Aliya akamwendea baba yake, Mzee Rashid.

"Mama yako hufundisha wauguzi," akasema Baba. "Angekuwa mgonjwa, si angejua?"

Jibu hilo halikumtosha. Je, mwalimu hawezi kupatwa na ugonjwa anaoufundisha? Siku moja akipangusa meza, alifungua kitabu cha mama yake. Kilikuwa cha Kiingereza kigumu, lakini kwenye sura ya magonjwa ya akili Mama alikuwa ameandika pembeni kwa Kiswahili: "Hataki chakula. Hapati usingizi. Hafurahii alichokipenda. Yakizidi wiki mbili, atafutiwe msaada."

Aliya aliyasoma mara mbili, kisha akatoka mbio hadi kwa Mwalimu Wayua, jirani yao pale mtaa wa Kaloleni aliyefundisha pamoja na Mama. Alimkuta akianua nguo.

"Shikamoo, Mwalimu. Nikikuambia siri ya nyumbani, nitakuwa nimekosa adabu?"

"Marahaba. Kuna mtu anayeumia kwa sababu ya siri hiyo?"

"Mama."

"Basi niambie."

Aliya alisema yote. Mwalimu Wayua alibaki na shuka mkononi.

"Juzi alimfokea mwanafunzi hadi akalia," alisema polepole. "Nikamkasirikia, nisimuulize ana nini. Na mimi ndiye ninayefundisha magonjwa ya akili!"

Jioni hiyo alikuja akaketi mkekani kando ya Mama.

"Mwanarusi, sikuja kwa habari za kazi. Moyo wako ukoje?"

"Mzima."

Mwalimu Wayua hakuondoka, wala hakuuliza tena. Hatimaye Mama akaanza kulia.

"Nikiamka, siku naiona kama mlima. Naogopa wanafunzi wakijua, watasema mwalimu wao ni mwendawazimu. Nani amekwambia?"

Aliya, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia. "Ni mimi, Mama. Nilisoma ulichoandika kitabuni."

Mama alimtazama, kisha akamnyooshea mikono.

Kesho yake Baba alimpeleka hospitalini. Daktari alisema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Alimpa dawa na siku ya kuja kuzungumza kila juma. Chuo kilimpa likizo, na Mwalimu Wayua akayachukua masomo yake. Mwezi wa kwanza wa matibabu Aliya hakuona tofauti, akauliza kila siku mbona dawa inachelewa. Wa pili, Mama alimaliza sahani yake. Kufikia Novemba alibishana na muuza nyanya sokoni hadi wote wawili wakacheka.

Walipokuwa wakirudi nyumbani na vikapu, Mama alisema, "Nilijua kutambua maumivu ya kila mtu isipokuwa yangu. Ukimwona mtu amebadilika, Aliya, usimcheke wala usimkasirikie. Muulize, umsikilize. Likikushinda, mwambie mtu mzima unayemwamini. Huko si kutoa siri, ni kumsaidia. Na moyo wako ukiwa mzito, usiufiche."

"Hata kama ni mzito kwa kosa langu?"

"Hapo ndipo unikimbilie kwanza."