Samaki Asiye na Shanga

Fundi viatu wa nyumba ya tatu aliapa kwamba alipasua samaki wa ziwani, na tumboni ikabiringika shanga ya zebaki, inang'aa kama kioo.

"Ni moshi wa ule mtambo wa umeme," alisema. "Wakichoma makaa ya mawe, zebaki inatoka. Nimeiona kwa macho yangu haya mawili!"

Mama alicheka. Kwa fundi viatu, sisimizi huwa tembo. Na mtambo ule ndio uliompa mwanawe kazi ya kupakia makaa. Lakini mkwe wake, mke wa mwanawe huyo, alikuwa na mimba ya miezi mitano, na tahadhari si woga. Tangu siku hiyo, kila samaki alimpasulia dirishani, penye mwanga, akapekua matumbo kwa vidole. Hakuona shanga.

"Safi," alisema, na pande nono la samaki mkubwa likaenda kwa mkwe. "Kula, mwanangu. Mko wawili."

Siku ya kliniki, Mama alimsindikiza mkwe, akamsimulia nesi upekuzi wake, akijisifu kidogo. Nesi hakucheka.

"Mama, zebaki hiyo huwezi kuiona. Fundi kakosea kuhusu shanga, kuhusu moshi hakukosea."

"Kivipi?"

"Makaa ya mawe yana zebaki kidogo. Yakichomwa, inapanda na moshi, kisha inashuka na mvua hadi ziwani. Vijidudu vya majini vinaipokea. Samaki wadogo wanakula vijidudu, mkubwa anakula wadogo. Zebaki yao inabaki kwake, mwaka hata mwaka. Imo ndani ya nyama."

"Basi nitamwosha kwa ndimu. Nitamchemsha mara mbili."

"Haitoki kwa kuosha wala kwa moto. Na inapita kwa mama hadi kwa mtoto, inadhuru ubongo unaokua."

Mama alitazama vidole vyake. "Kumbe lile pande nono..."

"Usimnyime samaki," nesi alisema taratibu. "Mpe wale wadogo wadogo. Wanajenga mwili, na zebaki yao ni kidogo." Akakata nywele chache za mkwe zikapimwe.

Jioni sahani ya mkwe ilijaa samaki wa ukubwa wa kidole.

"Mama, wote hawa wananitazama!"

"Nawe watazame, kisha uwale."

Majibu ya kwanza ya nywele yalikuwa mabaya. Baada ya miezi mitatu, zebaki ilikuwa imeshuka. Mtoto akazaliwa, akalia kwa nguvu, akanyonya kwa pupa.

Nesi aliwaambia pia kwamba vipo vichujio vya kunasa zebaki kabla moshi haujatoka. Mama akasema maneno, mkwe akayaandika, mwanawe akayapeleka kwa meneja: "Tunaomba mfunge vichujio. Samaki wadogo nao wanakua. Na sisi tuna mtoto."

Wiki ya saba sasa tangu barua iende. Kila jioni mwanawe huvua mabuti mlangoni.

"Wamejibu?" Mama huuliza.

Huyakung'uta mabuti. Vumbi jeusi huanguka kizingitini, na Mama huchukua ufagio.