Kanda ya Disko ya Mama

Msiniambie ni uchovu wa mitihani! Ninayemsema nalala naye chumba kimoja, na haamini hata utabiri wa hali ya hewa. Mama yake alifariki siku aliyomzaa, akaacha kanda moja ya nyimbo za disko. Alizinasa kutoka redioni, kinasa sauti kikiwa mbele ya spika na nyumba nzima ikiamriwa kunyamaza. Shoga yangu alitaka kitu kimoja tu: asikie sauti ya mama, hata iwe kikohozi.

Mchana mmoja alijifungia studio ya chuo, chumba kisicho na dirisha, akaicheza kanda hiyo kwenye redio ya betri isiyo na hata kitufe cha kurekodi. Umeme ukakatika. Ngoma na gitaa vikaendelea gizani. Wimbo ulipofifia, akasikia mtu akihema.

"Mama?" akanong'ona.

"Shii! We mtoto, utaniharibia wimbo!"

Alilia kwa furaha, akarudisha kanda nyuma ili asikie tena. Ngoma, gitaa, mtu akihema. Safari hii alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kabla ya ile "Shii!", kandani, sauti ya shoga yangu mwenyewe ikanong'ona, "Mama?"