Jina Lililoandikwa kwa Jua

Jumamosi hiyo Lameck alirudi mapema kutoka shamba la zabibu. Alipekua chini ya kitanda, akatoa picha ya eksirei. Ilikuwa ya mguu wake, ya mwaka alipoanguka na pikipiki.

"Tabu, njoo! Leo jua linapatwa. Tutalitazama kwa hii."

"Mimi kwanza, baba!" Tabu alikuwa na miaka tisa.

"Hatimaye mguu ule umepata kazi," alicheka mama yake, Raheli.

Tabu alikuwa ameshainua picha usoni wakati jirani yao Hamida alipoingia uani. Hamida ni mtu wa Kondoa. Anafanya utafiti wa jua na nyota katika chuo kikuu kule Chimwaga.

"Tabu, shusha hiyo!"

Lameck alikunja uso. "Dada Hamida, hii ni nyeusi tii. Jua lenyewe halichomi macho ukitazamia hapa."

"Ndiyo hatari yake, baba Tabu. Giza hilo linapunguza mwanga tu. Miale mingine huioni, nayo inapita na kuunguza ndani ya jicho. Hutasikia maumivu."

Hamida alifunika jicho lake la kulia kwa kiganja. "Kwa jicho hili la kushoto naona masikio yako. Pua siioni. Nilikuwa na umri wa Tabu. Nilitazama kwa eksirei ya bibi, na sikuumia hata kidogo. Kesho yake nikaona doa katikati ya kila kitu. Halijatoka mpaka leo."

Lameck alimtazama binti yake. Akaichukua ile picha mkononi mwa Tabu, taratibu.

"Basi tumfungie ndani? Watu wanasema hewa inakuwa na sumu."

"Hewa ni ileile. Mwezi unapita mbele ya jua, basi. Atoke nje, ila alipe jua mgongo."

Hamida alichukua kipande cha boksi. Tabu akakitoboa kwa msumari, tundu baada ya tundu, mpaka yakawa jina lake. Wakalipa jua mgongo, wakainua boksi mbali kidogo na ukuta. Kila tundu lilichora jua dogo ukutani, na kila jua lilikuwa limemegwa upande mmoja.

"Baba! Jina langu limeandikwa kwa jua!"

Lameck akaokota msumari.

"Nipeni boksi na mimi."

"Herufi sita!" alisema Raheli. "Utamaliza jua limeshapona."

Lameck alikuwa ameshainama, anatoboa herufi ya kwanza.