Merryn na Pampu ya Rangi ya Chungwa

Walirudi Jumapili mchana. Gari lilikuwa limevuta karavani njia yote kutoka pwani. Karavani ni ile nyumba ndogo ya magurudumu, yenye vitanda na jiko ndani yake. Hapa Horsham, mji wetu wa mashamba ya ngano ulio mbali na bahari, shule zikifungwa, nusu ya mtaa huvuta karavani kwenda baharini.

Kel Pascoe alirudi nyuma taratibu ili aiingize uani. Mkewe, Merryn, alisimama nyuma akimwongoza kwa mikono.

"Kushoto! Kushoto, Kel! Utaligonga tangi!"

"Nimeliona."

"Hujaliona. Umeshaligonga."

Binti yao Bronte, mwenye miaka kumi na mmoja, alicheka hadi akakaa chini. Walikuwa wamecheka hivyo kila siku kule Robe, mji mdogo wa pwani. Walikula samaki na chipsi, walioga baharini, walicheza karata. Kel alinunua turubai jipya la kivuli la karavani bila kumuuliza mtu. Siku ya kurudi, tairi la karavani lilipasuka. Kel ni fundi wa matairi, kwa hiyo mtaa mzima ulimtania kwa wiki nzima.

Jumatatu Merryn alifungua friji. Alikuta chupa ya mchuzi wa nyanya na nusu limau. Akaangalia akaunti ya benki kwenye simu. Akaifunga simu haraka.

Jioni hiyo walikula maharage ya kopo juu ya mkate wa kuchoma.

"Haya, likizo imekwisha," Merryn alisema. "Sasa tunafunga mkanda mpaka Krismasi."

"Mkanda wangu umeshafika tundu la mwisho," Kel alisema akijipapasa tumbo.

"Ungefikaje mahali pengine? Umekula Robe nzima. Ijumaa huendi baa."

"Hata kuku wa Ijumaa?"

"Hasa kuku wa Ijumaa."

Bronte alikubali kuacha sinema. Mashine ya kukatia nyasi ilikuwa mbovu, wakakubaliana isitengenezwe kwanza. Wikiendi wangelala ndani ya karavani hapo hapo uani, wajifanye bado wako pwani. Bronte alipiga makofi.

"Na wewe, Mama? Wewe unaacha nini?"

"Changu nakijua mwenyewe. Kula, chakula kinapoa."

Wakala. Hakuna aliyemuuliza tena. Mimi kila nikisimulia nikifika hapa hukasirika. Katika nyumba nyingi, anayeshika mfuko ndiye anayejinyima kwanza, na wengine huona ni kawaida tu.

Merryn alikuwa na pumu tangu utotoni. Alikuwa na pampu mbili za kuvuta dawa. Ya kwanza ilikuwa ya buluu. Hiyo ni ya kufungua kifua kinapobana. Hapa unainunua dukani bila cheti cha daktari, na bei yake ni ndogo. Ya pili ilikuwa ya rangi ya chungwa. Hiyo ni ya kinga. Unaivuta kila siku, uumwe usiumwe. Lazima daktari akuandikie, na bei yake iko juu.

Kule Robe, pampu ya chungwa ilikwisha. Merryn alipumua vizuri tu bila hiyo, kwa sababu upepo wa baharini ulikuwa safi. Basi akajiambia, mbona haina kazi? Huo ndio udanganyifu wa dawa ya kinga. Ukiivuta huhisi chochote. Ukiiacha pia huhisi chochote, kwa muda.

Wiki hiyo alikwenda duka la dawa.

"Nipe ya buluu," alimwambia mfamasia.

"Na ile ya kila siku?"

"Bado ninayo nyumbani."

Alisema uongo huku anatabasamu. Kwa pesa aliyookoa alinunua nyama ya kusaga, maziwa na viatu vya shule vya Bronte.

Oktoba ikapita, Novemba ikaingia. Mashamba ya nyuma ya nyumba yalijaa nyasi ndefu zenye maua. Uani kwao nyasi zilifika magotini. Merryn alianza kukohoa. Alikohoa kwenye kantini ya shule alikofanya kazi. Alikohoa akianika nguo. Siku moja alikuwa kwenye kamba ya nguo, na jirani yao Dot Vickery akachungulia juu ya uzio. Dot ni muuguzi wa wagonjwa wa pumu katika hospitali ya hapa. Hana maneno ya kuzunguka.

"Merryn, hicho kikohozi sikipendi. Pampu ya buluu unaivuta mara ngapi?"

"Mara moja moja."

"Mara moja moja kwa siku au kwa saa?"

"Dot, si uko mapumziko leo? Pumzika basi."

"Anayehitaji ya buluu kila siku, pumu yake imemshinda. Ya chungwa unavuta?"

"Navuta, bibie. Kila asubuhi."

Dot alimtazama kwa muda. "Haya. Alhamisi wametangaza hatari ya pumu ya radi, ile inayokuja na mvua ya ngurumo. Mvua ikikaribia, ingia ndani, funga madirisha. Usikae nje."

Kel alisikia akiwa uani. Akacheka. "Jirani, mvua tumeililia tangu Agosti! Leo ije tuikimbie?"

Hapo Kel alisema kama mtu wa hapa. Sisi ni watu wa ngano. Mvua ikionekana mbali, mtaa mzima hutoka nje. Wengine husimama barabarani na bia mkononi. Wengine hukaa kwenye viti wakiitazama inavyokuja. Tunasubiri ule upepo wa kwanza wenye harufu ya mvua, na tunauvuta kwa pua zote mbili. Kukaa ndani wakati huo ni kama kukataa kumpokea mgeni.

Alhamisi joto lilikuwa kali, na upepo wa kaskazini ulipiga mchana kutwa. Saa kumi na moja jioni wingu jeusi lilipanda kutoka magharibi. Kel alipanga viti vitatu chini ya turubai lake jipya.

"Njoo, mpenzi! Bia ni moja, tutagawana. Tunabana matumizi au hatubani?"

Merryn alitoka. Alijua alichoambiwa na Dot. Lakini alikuwa amechoka kuwa mtu wa kukataa kila kitu katika nyumba ile. Kila siku kazi yake ilikuwa kusema hapana, nao wakimtania kwamba ni bahili. Hiki angalau kilikuwa cha bure.

Radi ikapiga. Upepo ukageuka, ukawa baridi. Ukapita juu ya mashamba na kuwafikia.

"Aah!" Kel alisema. "Vuta hiyo, Bronte!"

Merryn naye akavuta. Akakohoa. Akakohoa tena. Kisha hakuweza kukohoa. Alishika mkono wa kiti, mabega yakapanda juu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pampu ya buluu, akabonyeza. Ilitoa mlio tu. Alikuwa ameitumia ikaisha, na kununua nyingine alikuwa ameahirisha hadi siku ya mshahara.

"Mama?"

"Niko sawa," Merryn alisema. Neno la pili halikutoka vizuri.

Kel aliruka kwenye uzio akipiga kelele. "Dot! Dot, njoo!"

Dot alikuja mbio na pampu ya buluu ya akiba na kopo la plastiki la kuvutia dawa. Akamkalisha Merryn wima. Hakumlaza. Akatikisa pampu, akaichomeka kwenye kopo.

"Nabonyeza mara moja, unavuta pumzi nne. Usiseme kitu. Vuta. Haya, tena. Kel, piga sifuri tatu, ita gari la wagonjwa, waambie ni pumu."

Merryn alimshika Kel mkono. "Usi... usiite. Hatuja... lipia."

Kel hakuelewa. Dot alielewa. Kwetu gari la wagonjwa lina gharama kubwa. Familia nyingi hulipa ada kila mwaka ili wakipatwa na jambo wasitozwe. Ada ya akina Pascoe ilikwisha wakiwa Robe, na Merryn aliiacha.

"Piga simu, Kel!" Dot alifoka. "Bili utabishana nayo ukiwa hai, Merryn. Vuta."

Baada ya mibonyezo minne Dot alisubiri dakika nne, akaanza tena. Midomo ya Merryn ilikuwa imebadilika rangi. Mvua ikaanza kunyesha juu ya turubai, mvua kubwa, ile waliyoisubiri. Majirani walikuwa bado barabarani wakishangilia, hawajui.

Gari la wagonjwa lilifika. Merryn hakufa. Lakini alilala chumba cha wagonjwa mahututi, na kwa siku mbili mashine ilimsaidia kupumua. Usiku ule wagonjwa wa pumu walijaa hospitalini.

Merryn alipoweza kuzungumza, Dot alikaa kitandani pake na Kel akakaa upande wa pili.

"Ya chungwa uliacha lini?" Dot aliuliza.

"Robe."

Kel aliinua kichwa. "Uliacha dawa? Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniambia kuhusu turubai?"

"Merryn, turubai ni turubai! Hii ni pumzi yako!"

"Ndiyo. Wewe ulitoa kuku wa Ijumaa, Bronte akatoa sinema. Mimi nimetoa pumzi, na mkanitania kwamba mimi ni bahili." Akatua kidogo kuvuta hewa. "Nilikuwa na hasira na wewe, Kel. Bado ninayo."

Kel alitazama mikono yake.

Dot akasema polepole.

"Sikilizeni wote wawili. Pumu huvimbisha njia za hewa ndani ya kifua, hata siku ambayo huhisi chochote. Pampu ya chungwa hutuliza ule uvimbe. Ya buluu hufungua njia kwa muda mfupi tu, uvimbe unabaki pale pale."

"Na mvua?" Kel aliuliza. "Mvua imemfanya nini?"

"Nyasi zikitoa maua, hewa hujaa chavua, ule unga mdogo wa maua. Kwa kawaida hukwama puani, unapiga chafya. Radi ikija, unyevu huipasua chavua vipande vidogo sana. Upepo wa mbele ya mvua hubeba vipande hivyo, navyo huingia hadi ndani kabisa ya kifua. Ule upepo mnaoupenda ndio wenye hatari."

"Pesa haikutosha, Dot," Merryn alisema.

"Najua. Ungesema. Mwambie daktari hali ni ngumu, atazame kama ipo dawa ya bei nafuu inayokufaa. Muulize mfamasia kama ipo ya jina jingine yenye dawa ile ile. Uliza kama unastahili kadi ya kupunguziwa bei. Na bili ya gari la wagonjwa, wapigie, omba kulipa kidogo kidogo. Lakini usiache dawa kimya kimya. Kubana matumizi ni kwa vitu, Merryn. Mwili haubanwi."

Merryn aliporudi nyumbani, nyasi za uani zilikuwa zimekatwa. Karavani haikuwepo. Kel alikuwa ameiuza kwa mtu na mkewe kutoka mji jirani wa Dimboola, pamoja na turubai lake.

"Nimelipa bili ya gari la wagonjwa," alisema. "Nimelipa na ada ya mwaka."

Merryn alitazama mahali palipokuwa na karavani. Nyasi hapo zilikuwa za manjano.

"Kununua turubai hukuniuliza. Kuuza karavani pia hukuniuliza."

"Nilidhani utafurahi."

"Karavani niliipenda, Kel. Ndani yake ndipo mahali pekee nilipocheka mwaka huu."

Alilia, na Kel akasimama tu kama mti. Jioni walikaa mezani, wote watatu, wakaanza upya. Safari hii waliandika dawa kwanza, halafu chakula, halafu nyumba na umeme. Vilivyobaki wakavijadili kwa sauti, na kila mmoja alisema anaacha nini mbele ya wenzake. Daktari alibadilisha pampu ya kinga, akaandika ya bei nafuu. Alimpa Merryn pia karatasi yenye maelezo ya kufanya pumu ikizidi, wakaibandika kwenye friji. Mkutano huo wa mezani wanaufanya kila mwezi hadi leo. Wakati mwingine wanagombana, lakini hakuna anayejinyima kwa siri.

Mwaka uliofuata, Novemba, wingu jeusi lilipanda tena. Asubuhi hiyo Merryn alikuwa amevuta pampu yake ya kinga, kama kila siku. Walifunga milango na madirisha mapema. Pampu ya buluu iliyojaa ilikuwa mezani. Nje majirani walitoka na viti vyao. Kel alisimama nyuma ya kioo, akawatazama wakiinua nyuso zao kwenye upepo. Hakutoka.

"Nenda nje," Merryn alimwambia. "Wewe huna pumu."

"Niko sawa hapa."

Mvua ikanyesha. Merryn alipumua vizuri, bila mlio wowote kifuani.

"Umeona, Bronte? Niko sawa kabisa."

Bronte alikuja nyuma ya kiti cha mama yake, akaweka sikio mgongoni pake. Akabaki hapo, akisikiliza kila pumzi, mpaka mvua ilipokwisha.