Kerneli Mpya ya Jumba la Almasi

Saa nne asubuhi, Jumapili.

Chumba cha nyuma cha gereji, mtaa wa Makiso. Hilaire, mkubwa wa genge lao, alitandaza ramani ya jumba la kununulia almasi juu ya tairi kuukuu.

"Milango iko mbili. Zote zinasikia mashine moja. Djamila?"

Djamila ndiye aliyeitunza mashine hiyo. Ilikuwa ya Linux, na kerneli yake, ule moyo unaoendesha kila kitu, ilikuwa ya zamani, ina tundu. Aliyepenya humo angefungua milango bila jina lake kubaki popote. Patron, mwenye jumba, alimwamuru aweke kerneli mpya tangu Pasaka. Akawa anampiga kalenda.

"Nikiweka mupya, tundu linazibika," alisema. "Sijaiweka."

"Na mulinzi?"

"Papa Augustin anaendaka misa."

"Leo haendi. Muguu yake imevimba." Hilaire aliweka bastola juu ya ramani. "Bon. Atanyamaza. Saa sita mimi na René tunaingia."

Djamila alimgeukia René, mpenzi wake. Ulikuwa mwaka wa pili wakiishi pamoja mtaa wa Mangobo. Kazini kwa Djamila hakuna aliyemfahamu René. Kwa ajili yake alikubali wizi huu, wavuke mto hadi Lubunga kwa mtumbwi, waanze maisha.

"Uliniapia damu haitamwagika."

René aliinama akafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa tayari.

Saa tano na nusu.

Augustin alimfungulia Djamila geti la jumba akichechemea.

"Mwanangu, hata Jumapili?"

"Mashine inasumbua, papa."

"Umekula?" Alimkatia nusu ya chikwange yake, mkate wa muhogo.

Saa sita kasoro kumi.

Alikuwa peke yake chumba cha mashine. Kerneli mpya ilikwisha kupakuliwa. Ilibaki amri moja. Akiiweka, mlango utamkatalia René, naye atarudi nyumbani na hasira. Hasira hupoa. Asipoiweka, mzee yule hataona jioni.

Alibonyeza. Mistari ikateremka. Mashine ikazima ili iwake upya.

Huko nyuma, milango ilijifunga, vyuma vikabamizana. Mara mbili.

Simu ikalia.

"Djamila!" René alihema. "Nimeingia mbele ya saa. Nimefungwa katikati ya milango. Hilaire amekimbia. Fungua!"

Mashine ilikuwa imewaka tena. Angeweza kufungua. Lakini kwenye kamera alimwona Augustin nje ya mlango wa kwanza, rungu mkononi, akiwaita polisi kwa simu. Kwa mguu ule asingekimbia.

"Bastola iko na nani?"

René aligonga mlango kwa kiganja.

"René. Iko na nani?"

"Na mimi."

"Iweke chini nione. Nitafungua, nakuapia."

Alimtazama kwenye kioo cha kamera. Mwanamume aliyemchemshia maji ya kuoga siku Djamila alipougua malaria. Alingoja mpaka macho yakamuuma.

Bastola hakuiweka chini.

"Chérie," alisema. "Fungua tu."

Djamila aliondoa mikono kwenye kibodi, akaikalia mikono hiyo.

Saa saba.

Polisi walimtoa René amefungwa pingu. Kamanda alimnyooshea Djamila kidole. "Unamujua huyu mwanamuke?"

René alimtazama. Neno moja tu lingetosha kumpakia naye kwenye gari.

"Hapana. Simujui."

Gari liliondoka. Djamila alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti. Augustin alidhani ni woga. Alivua koti lake, akamfunika mabega.

"Nyamaza, mwanangu. Imekwisha."

"Ndiyo, papa," alisema. "Imekwisha."